Wanafunzi wa udaktari, mtarudi Tezo lini?

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote si ile ya viazi karai pale stejini, wala ile ya bodaboda aliyebeba kabati la milango mitatu. Ni ya nyanya yangu akipimwa presha. Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya sisi Wagiriama, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe hapa Tezo, mkono ameunyoosha, anamcheka kijana mwenye koti jeupe ambaye mashine inamtoa jasho. Nyuma kuna watu na tisheti za rangi moja. Muziki wa taratibu. Juu nimeandika: Madaktari wa kesho wamefika mashinani. Watu elfu 40 na ushee wameiona hiyo klipu. Mimi nililipwa elfu 3 kwa M-Pesa na sahani ya pilau.

Kitu ambacho klipu haionyeshi ni namba. Mashine ilisoma 186 kwa 104. Hawe akapewa vidonge vya wiki mbili kwenye kibahasha cha karatasi, akaambiwa aende hospitali, mwingine aliye foleni akaitwa. Jioni wakakunja hema, wakapiga picha ya pamoja (mimi ndiye niliyeipiga), basi likaondoka. Miezi minne baadaye, asubuhi, Hawe alishindwa kuinua kikombe cha chai. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Kiharusi.

Jina la kundi lile silitaji, msiniulize kwa DM. Kwanza hawakuwa wabaya. Walikuwa wapole, walimwamkia kila mzee, na mimi ndiye niliyewapamba. Lakini tangu siku ile nimekuwa na neno moja na wanafunzi wa udaktari wanaokuja huku kwetu, na leo nalisema: kama hamna siku ya kurudi, msije na mashine. Mnamwambia mtu habari ya kutisha halafu mnamwacha nayo peke yake.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utawafundisha nini madaktari?" Sawa. Niliacha, karo ilinishinda, na sikuwa nasomea udaktari hata hivyo. Lakini kambi za matibabu nimezirekodi sita kati ya Kilifi na Malindi. Nimeziona kwa jicho la kamera, na kamera inakuonyesha mengi ukiwa unakata klipu usiku. Wazee wale wale. Mwembe ule ule, karibu. Na sijawahi kuitwa kurekodi kundi likirudi.

Presha si malaria, wanangu. Malaria unameza dozi, unapona, unaenda zako. Presha haiumi, haiwashi, na Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kama wanayo. Ukishajua, dawa ni kila siku, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kumpima mtu presha mara moja ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe inaanza wiki ya tatu, kibahasha kikiwa kitupu.

Sasa sikizeni stori ambayo haina video.

Hawe alipotoka hospitali niliandika komenti chini ya klipu yangu mwenyewe: huyu nyanya sasa amepata kiharusi. Sikutaja mtu. Jumamosi iliyofuata nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Ni msichana mmoja wa lile kundi, mwaka wa nne, alikuwa amepanda matatu kutoka Mombasa na ameshashuka stejini Tezo, anauliza njia. Hakuja na koti jeupe. Alikuja na mkate na majani ya chai, akasema shikamoo, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka.

Saa nzima hakupima kitu. Aliuliza nani anapika. Chumvi anatia nani. Maji yanatoka wapi. Usiku Hawe analala na nani, na akiamka anaamkia upande gani. Mimi nilikuwa nimeshika simu tayari kurekodi, nikaona aibu, nikairudisha mfukoni. Baadaye sana ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hawe, zile dawa za hospitali unaziweka wapi?"

Hawe alimwangalia. Halafu akamtuma binamu yangu mdogo alete kopo kutoka chini ya kitanda. Kopo la siagi. Ndani kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe, vingi, vingine vimeanza kumomonyoka. Vile vingine alikuwa anameza vizuri, lakini hivi vidogo vyeupe alikuwa anavitia mdomoni kila jioni mbele ya mama, anakunywa maji, anatoka nje kutema mate. Nyumba nzima tulikuwa tunajua anameza.

Mama alitaka kuwaka. Yule msichana akamshika mkono kidogo, akamuuliza Hawe, "Vinakusumbua vipi?"

"Mjukuu wangu, vinanikojoza."

Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama 40. Njia ina mizizi ya mwembe na taa hakuna. Kabla ya kiharusi aliwahi kuanguka huko usiku akaumia nyonga, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anaenda choo mara ngapi. Basi Hawe alipiga hesabu zake. Presha haioni. Giza analiona. Hata vile vidonge vya kambi, vya chini ya mwembe, alisema alimeza siku 4 tu akaacha. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa nawaambia watu eti nyanya alidhani amemaliza dozi. Sikuwahi kumuuliza.

Msichana hakugusa dawa, maana hajaruhusiwa kubadilisha dawa ya mtu. Aliandika yote kwenye daftari. Jumatatu mama akalipeleka dispensari, afisa wa kliniki akasoma, akasema kidonge hicho ni cha kutoa maji mwilini, ameze asubuhi. Basi! Mimi nikanunua taa ya sola ya shilingi mia tano, nikaipigilia ukutani inapoangalia choo.

Manze, nilikaa nikawaza. Tisheti ishirini, hema, basi la kukodi, kamera yangu, na jibu lilikuwa ni saa ngapi unameza kidonge na choo kiko wapi.

Baadaye huyo msichana akaniambia anachotaka kusomea ni udaktari wa familia. Nikacheka, nikamuuliza, kwani hiyo nayo ni kazi ya kusomea? Si ndiye yule daktari wa kawaida? Akasema hata wenzake darasani wanamuuliza hivyo hivyo. Kila mtu anataka kuwa mpasuaji, wa moyo, wa ubongo. Kumbe ni ubingwa kamili. Unasoma miaka 6 ya shahada ya kwanza, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, halafu miaka 4 mingine. Hapa Kenya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ndicho kilichoanza kuufundisha, mwaka 2005, na wengine kama Aga Khan na Kabarak wakafuata. Huyu ni daktari anayeweza kumwona mtoto mchanga, mama yake na nyanya yake kwa siku moja, na ambaye maswali ya chumvi na choo kwake si udaku, ni sehemu ya kipimo.

Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, na miongoni mwao walikuwemo madaktari wa familia. Mwaka 2023 mkataba ukafika mwisho. Watu walibishana sana kuhusu mishahara yao, na mengine yalikuwa ya haki. Ila sikusikia watu wakiuliza kwa nini kisiwa kile kina madaktari wa familia wa kutosha hadi kuwapeleka nje. Jibu moja ni kwamba tangu 1984 wenzetu walianza kumweka daktari na nesi mtaani, waishi humo humo wanamotibu. Daktari anayenunua mandazi kwa mama yako hawezi kukupa vidonge vya wiki mbili akapotea.

Na msiniambie hapa kwetu haiwezekani. Hapa Kilifi? KEMRI wapo tangu 1989, na tangu mwaka 2000 wana watu wao wanaopita nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka, kuandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Tezo imo. Ni watu karibu laki 3 wanaofuatwa hivyo. Nimekua nikiwaona wakija na baiskeli na pikipiki, wanaijua nyumba yetu kuliko wajomba zangu wengine. Kwa hiyo kurudi kwenye mlango ule ule kunawezekana, na kumefanyika hapa hapa kabla sijazaliwa.

Tena kuna wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iligawa mikoba ya vifaa kwa karibu laki moja yao nchi nzima, na ndani kuna mashine ya presha na ya sukari. Kila mmoja anaangalia nyumba kama 100. Wetu sisi ni mama mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku ya kambi alikuwa kwenye foleni kama watu wengine. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani! Angepewa tu karatasi yenye majina ya waliokutwa na presha juu, angewafuata mmoja mmoja kwa miguu. Karatasi moja. Ile orodha sijui ilienda wapi. Labda iko kwenye ripoti ya mtu.

Nawaelewa wanafunzi pia, nisiwe mnafiki. Nauli ni ya mfukoni mwao, mitihani haiwasubiri, na hata wakimaliza kusoma hawana uhakika. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56, na moja ya mambo makubwa yaliyokuwa yanabishaniwa ni malipo ya wale wanaoanza mafunzo ya vitendo: serikali ilisema elfu 70 kwa mwezi, makubaliano ya 2017 yalisema kama laki 2 na elfu 6. Mtu anayeona hayo mbele yake, kambi ya siku moja inampa kitu cha kuandika kwenye sivii na picha nzuri. Ningekuwa yeye pengine ningefanya hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimeishi kwa hizo picha.

Lakini kuna njia nyingine na haihitaji pesa nyingi. Pale Moi, tangu walipoanza kufundisha udaktari mwaka 1990, wana utaratibu wanaouita COBES. Mwanafunzi anapelekwa kwenye kituo cha afya huko mashambani akae na watu, na mwanzoni kazi yake si kutibu, ni kuijua jamii: wanakula nini, wanachota maji wapi, wanaugua nini. Ni sehemu ya masomo, si hisani. Sasa nyinyi mnaojitolea wikendi, gawaneni. Badala ya ishirini kuja Tezo siku moja na kuona watu mia tatu, njooni wanne wanne, mfuatane na mhudumu wetu, mchukue nyumba kumi. Mwezi ujao wanne wengine, nyumba zile zile, daftari lile lile. Mkimaliza mwaka mtakuwa mmejua nyumba kumi vizuri kuliko mlivyowahi kumjua mgonjwa yeyote wodini. Haitapendeza kwenye kamera, nawaambia mapema.

Mimi kwa upande wangu nimebadilisha bei. Kambi ya siku moja sirekodi tena, hata kwa elfu 10. Ziara ya pili narekodi bure, wenye nyumba wakikubali. Wiki jana nilipigiwa na kundi jingine, wanataka hadi droni. Nikauliza, mtarudi lini? Simu ikanyamaza kidogo, halafu jamaa akasema atashauriana na wenzake. Mpaka leo naandika hii hajapiga.

Yule msichana alikuja tena Jumamosi iliyopita, mara yake ya tatu. Mama mhudumu alikuja na mkoba wake wakapima pamoja: 142 kwa 88. Hawe sasa anatembea na fimbo, maneno yanatoka polepole lakini utani umerudi wote. Ameniruhusu niandike haya. Video amekataa, anasema nywele hazijasukwa.