Asiyeitwa naye aambiwe

Mkiandika kuhusu vijana wanaoomba kujiunga na jeshi, msitusahau sisi tunaosubiri nao. Huku Mugutha mpwa wangu ameomba nafasi ya kadeti katika Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), roho yake yote iko Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi. Tangu atume maombi, simu haimtoki mkononi. Ikiita nambari ngeni, uji unapoa mezani. Gazeti likifika stejini analifungua moja kwa moja kwenye matangazo, akisaka orodha ya walioitwa mahojiano.

Wasiwasi huo ndio mtaji wa matapeli. Juzi mmoja alitujia akidai ana "mtu wa ndani", tutoe kitu kidogo. Tulimfukuza. Usajili wa KDF ni bure, na wapo vijana waliofika Eldoret, kwenye chuo cha mafunzo ya makurutu, na barua bandia za kuitwa wakaishia mikononi mwa polisi, pesa za wazazi zikiwa zimeshaliwa.

Ombi langu kwa wahusika: asiyechaguliwa naye atumiwe ujumbe mfupi. Akiambiwa hapana mapema, kijana atatafuta chuo kingine au kibarua. Akiachwa gizani, ataendelea kukataa kila nafasi akingoja simu ya jeshi.