Mshauri Alikataliwa, Ushauri Ukapokewa

Hapa Sakina, chini ya Mlima Meru, Azimio la Arusha la 1967 halijakosa wa kulisifu. Washairi tumelitungia beti zisizo idadi. Je, nani amemtungia ubeti mmoja Edwin Mtei?

Huyu ndiye Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, mwaka 1966, ilipozaliwa shilingi yetu. Mwaka 1979, akiwa Waziri wa Fedha, alishauri tupatane na Shirika la Fedha la Kimataifa na thamani ya shilingi ishushwe. Mwalimu Nyerere alikataa, Mtei akajiuzulu. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini mapatano na shirika lile lile, na shilingi ikashushwa. Ushauri ukaingia kwa mlango wa mbele. Mshauri alikwisha kutolewa kwa wa nyuma.

Wapo watakaosema kuwa dawa ile ilikuwa chungu, na kwamba wanyonge ndio walioinywa, wakaja kuchangia hata gharama za hospitali. Kweli, wala simtakasi mtu. Nikipingacho ni ukimya. Tulipanga foleni za sukari na sabuni pasipo raia kupewa nafasi ya kuzipima hoja za pande mbili. Na dawa ilipokuja, vilevile hatukuulizwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, twaambiwa. Na mkuu asiyesikia la mshauri, guu livunjikalo ni la nani? Mshairi aogopaye kuuliza hivyo ni mpiga zumari tu.