Tumaini la Mpenzi wa Timu Si Kamari

Kila mwaka mwezi wa Oktoba unapokaribia, wapenzi wa mpira wa kikapu huko Marekani huanza kuhesabu siku. Ndio wakati ambapo msimu wa ligi yao kuu, NBA, huanza, na kila timu hukabiliwa na michezo 82 kabla ya kufikia mtoano. Asubuhi ya siku ya kwanza timu zote huwa sawa: hakuna iliyoshinda wala iliyoshindwa. Basi hata mpenzi wa timu iliyoburura mkia hujiona tajiri siku hiyo. Je, mtu huyo atumaini nini, asije akajidanganya nafsi yake?

Tuutazame mji wa Detroit, mji wa wafanyakazi wa viwanda vya magari. Timu yake huitwa Pistons, yaani pistoni, kile chuma kipandacho na kushuka ndani ya injini. Mtu aweza kudhani kwamba jina hilo lilizaliwa Detroit. La hasha! Timu ilianzia Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, chini ya Fred Zollner, mwenye kiwanda cha pistoni; ikahamia Detroit mwaka 1957 pamoja na jina lake. Ilitwaa ubingwa mwaka 1989, 1990 na tena 2004, ilipowashangaza Los Angeles Lakers, waliokuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, kwa michezo minne kwa mmoja.

Lakini sifa za jana hazimshibishi mtu leo. Katika msimu wa 2023/24 Detroit walishinda michezo miwili kati ya mitatu ya mwanzo, kisha wakafungwa michezo 28 mfululizo. Hapakuwa na timu iliyowahi kupoteza michezo mingi kiasi hicho mfululizo ndani ya msimu mmoja. Watazamaji walipaaza sauti uwanjani wakimtaka mwenye timu aiuze. Desemba 30, 2023, ndipo walipoifunga Toronto kwa pointi 129 kwa 127. Msimu ulipomalizika walikuwa wameshinda 14 na kushindwa 68.

Mpenzi wa timu kama hiyo hushikilia nini? Wako wanaotegemea bahati. Ligi hiyo ina utaratibu wa kuwainua wanyonge: timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi katika kura ya kuchagua vijana wapya. Lakini kura ni kura. Mwaka 2024 Detroit, walioshika mkia, waliangukia nafasi ya tano. Na hata anayechagua mapema hana hakika ya mavuno. Sisi Watanzania twalijua hilo. Mwaka 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Hiyo ni heshima isiyofutika, ingawa hakupata kuwa nguzo waliyoitarajia Memphis. Mwaka huohuo, Stephen Curry alichaguliwa wa saba!

Wako pia wanaotumaini kwa kutazama kazi. Hao, kabla ya msimu wa 2024/25, waliona mambo matatu. Kwanza, timu ilipata kocha mpya, J.B. Bickerstaff. Pili, Cade Cunningham, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2021, alikuwa ametimiza umri wa miaka 23 na anazidi kukomaa. Tatu, waliletwa wachezaji wazoefu, akina Tobias Harris na Malik Beasley, ili vijana wasibebe mzigo peke yao. Hakuna lolote kati ya hayo lililoahidi kombe. Yote yaliahidi juhudi.

Na matokeo? Walishinda 44 na kushindwa 38. Aprili 2025 waliifunga New York Knicks ugenini 100 kwa 94, wakakomesha mkosi wa kufungwa michezo 15 mfululizo ya mtoano tangu mwaka 2008. Kisha Knicks wakawatoa kwa michezo minne kwa miwili. Kombe halikuja, lakini mpenzi aliyeomba kuona timu inayofanya kazi alilipwa haki yake.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa familia zetu za mjini. Siku hizi vijana wengi, na hata wazazi, hawaingii msimu mpya bila kuandaa "mkeka" wa kubashiri. Nauli ya juma na fedha ya unga hukabidhiwa miguu na mikono ya watu wasiowajua. Huko si kuipenda timu. Mpenzi wa kweli akishindwa hupoteza usingizi wa usiku mmoja. Mcheza kamari akishindwa, watoto hukosa chakula.

Basi msimu unapoanza, iwe ni kikapu au kandanda, keti na wanao mzungumze: kijana gani ameongeza bidii, nani anakaba, nani humpasia mwenzake? Wafundishe kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba timu iliyofungwa mara 28 iliamka siku ya 29 ikaenda uwanjani. Tumaini la namna hiyo halimgharimu mtu mshahara wake, na mtoto aweza kulirithi.