Kompyuta haijui kwamba mpima mto anaumwa

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, mkufunzi wetu alikuwa na kosa moja ambalo hakulisamehe kamwe. Ukichelewa zamu, ulikaripiwa, yakaisha. Lakini ukiandika joto la mgonjwa kwenye chati bila kumpima, ulirudishwa nyumbani. Alituambia: daktari hakai na mgonjwa usiku kucha, yeye anaiona chati. Chati ikidanganya, daktari mwema atatoa dawa mbaya.

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya maji. Mpendwa msomaji, usishangae ukurasa wa afya kuzungumzia wataalamu wa maji na kompyuta zao. Sisi wauguzi ndio tunaowapokea watu walioumizwa na maji mabaya au ukosefu wa maji: wenye kuhara, homa ya matumbo, kichocho, na kipindupindu kama kile kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa katika mikoa mingi. Kwa hiyo kijana anayejifunza kusimamia maji ni mwenzetu katika kazi, hata kama hajawahi kushika bomba la sindano.

Mzee na daftari lake

Hospitali yetu ilipata mradi wa kuvuta maji kutoka mtoni kwa ajili ya wodi mpya ya wazazi. Wataalamu walikuja na kompyuta, wakatuachia kitabu chenye michoro ya rangi, wakasema mto utatosha mwaka mzima. Tukashukuru, tukajenga. Oktoba ya kwanza bomba likatoa hewa tupu. Ndugu wa wazazi wakawa wanapandisha ndoo kutoka bondeni, na sisi tukawa tunagawana maji ya kunawa mikono kwa kikombe. Aliyewahi kuzalisha akina mama anaelewa hatari yake.

Kiangazi hicho hicho tulimlaza mzee mmoja mwenye kifua kikuu. Ameniruhusu nisimulie habari zake, ila jina lake nalihifadhi. Siku ya tatu, homa ilipopungua, aliniita. "Sista," akasema, "lile daftari langu la mto, nani anaandika?"

Ndipo nilipojua kuwa kwa miaka mingi alikuwa mpima mto. Kazi yake ilikuwa kushuka mtoni asubuhi na jioni, kusoma namba kwenye ubao uliosimikwa majini, na kuandika kina cha maji. Kina hicho ndicho wataalamu hukigeuza kuwa kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde. Nilimuuliza kama yuko mtu wa kumshikia kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu anajaza. Na mimi mwenyewe, Sista, hii miaka miwili siku nyingi nilijaza tu. Miguu ilikataa. Na posho nayo haikufika."

Sikumlaumu. Nilijua kwa nini miguu ilikataa. Lakini usiku ule nilipokuwa zamu niliunganisha mambo mawili. Mto aliokuwa akiupima ndio huo huo tuliotegemea. Kompyuta ilikuwa imeujua mto kupitia daftari la mzee, na kompyuta haijui kwamba mpima mto anaumwa.

Modeli ni kitu gani?

Modeli ya kompyuta ni mto uliotengenezwa kwa hesabu. Unaipa habari za mvua, joto, udongo, misitu, mashamba na mifereji. Yenyewe inakokotoa: maji kiasi gani yatapita hapa Oktoba? Itakuwaje mvua zikipungua, au wakulima wa juu wakiongeza mashamba? Kabla ya kuiamini, ni lazima ilinganishwe na mto wenyewe. Vipimo vya miaka kadhaa hutumika kuirekebisha, na vipimo vya miaka mingine, ambavyo haijaonyeshwa, hutumika kuipa mtihani. Ikishindwa mtihani, haifai. Lakini kama majibu ya mtihani yalijazwa kwa kukisia, modeli inaweza kufaulu na bado ikatudanganya.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika bonde la Usangu, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Uingereza, Bruce Lankford, na wenzake waliwachezesha wakulima mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mkubwa ulioinamishwa, wenye mto katikati na mashamba pembeni. Gololi ndizo maji. Kila mchezaji huweka kijiti ili kuvuta gololi shambani kwake. Wa juu hujaza vishimo vyao, wa chini hubaki mikono mitupu. Kisha hubadilishana nafasi na kujadiliana. Ubao ule nao ni modeli, na hauhitaji umeme.

Usangu palikuwa na jambo zito. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulipita mwaka mzima, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha katika kiangazi cha 1993, ukaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Umeme wa Mtera na Kidatu ukatetereka, na lawama zikaanza kutafuta mtu wa kumwangukia. Wafugaji walilaumiwa sana, na mwaka 2006 na 2007 wengi wao waliondolewa bondeni pamoja na ng'ombe wao. Lakini watafiti waliopima maji ya bonde hilo kati ya 1998 na 2001 walikuwa wameonyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochukuliwa na mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Msomaji, unaona uzito wa namba za maji? Mahali namba zinapokosekana, au zipo lakini hazisikilizwi, watu wanaweza kuhukumiwa kwa kukisia.

Mafunzo yapo

Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayetaka kuchepusha maji ya mto kwa mradi kama ule wetu anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lake. Kutoa kibali ni kuahidi maji. Hauwezi kuahidi usichokijua, ndiyo maana bodi hizi zinahitaji watu waliofunzwa.

Vyuo vipo. Chuo cha Maji kilichoko Ubungo, Dar es Salaam, hufundisha mafundi na wataalamu wa haidrolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Tangu 2003, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Zimbabwe vimeshirikiana katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa pamoja wa maji, kupitia mtandao wa WaterNet wa nchi za kusini mwa Afrika. Na wapo wanaokwenda Delft, Uholanzi, ambako wahandisi wa maji kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakifundishwa tangu 1957.

Hata programu za kompyuta nyingi ni za bure. MODFLOW, ya kukokotoa maji yaliyo chini ya ardhi, ilitolewa na idara ya jiolojia ya Marekani katika miaka ya 1980. EPANET, iliyotolewa Marekani mwaka 1993, hufuatilia maji ndani ya mabomba. Hii inanigusa mimi muuguzi, kwa sababu inaweza kuonyesha klorini inavyopungua kadiri maji yanavyosafiri. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapokinga maji. Mara nyingi nyumba za mwisho wa bomba ndizo zinazoikosa, na huko ndiko kuhara kunakoanzia.

Basi kama vyuo vipo na programu ni za bure, tunakosa nini?

Maoni yangu

Tunakosa heshima kwa kipimo. Tunamsomesha kijana aketi mbele ya kompyuta, lakini tunamsahau anayeshuka mtoni alfajiri. Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi yeyote wa usimamizi wa maji akae na mpima mto mwezi mmoja wa masika na mwezi mmoja wa kiangazi, kabla ya kufundishwa modeli. Aone mafuriko yanavyohamisha mchanga, hata kina kile kile cha jana kikawa si maji yale yale ya leo. Sisi wauguzi tuliosha vitanda kabla ya kushika sindano, na hatukupungukiwa kitu.

Pili, mpima mto naye apewe mafunzo, msaidizi na posho yake kwa wakati. Gharama yake ni ndogo kuliko bomba linalotoa hewa.

Tatu, kila ripoti iseme wazi kwa Kiswahili ni miezi gani ilipimwa na ni ipi iliyojazwa kwa makadirio. Kwenye chati tunaandika "hakupimwa". Nafasi tupu ni bora kuliko namba ya uongo.

Wapo watakaosema siku hizi kuna mitambo inayojipima na setilaiti zinazokadiria mvua kutoka angani. Vyema, ije. Lakini mtambo nao husombwa na mafuriko au kuibiwa betri, na lazima mtu aende kuukagua. Wengine watasema tuachane na kompyuta, wazee wanaujua mto. Ni kweli, wanaujua mto uliokuwepo. Mvua zimebadilika na watu tumeongezeka. Mto wa kesho hakuna mzee aliyeuona, hivyo hesabu inahitajika.

Kilichotokea baadaye

Kwa ruhusa ya mzee nilimwambia mmoja wa vijana walioandika kile kitabu. Nilitegemea ajitetee. Badala yake alikuja. Alikaa kando ya kitanda, dirisha wazi, barakoa usoni, na wawili hao wakapitia daftari ukurasa kwa ukurasa, wakizungushia kwa kalamu nyekundu siku ambazo mzee hakuzikumbuka. Kijana akaenda kukokotoa upya bila siku hizo. Jibu lilikuwa kwamba Oktoba na Novemba mto hautatutosha.

Ilikuwa habari mbaya, lakini ya kweli, na habari ya kweli inatibika. Tulijenga matangi ya kuvuna maji ya mvua kutoka paa la wodi. Kiangazi kilichofuata hatukugawana maji kwa kikombe. Mzee alimaliza dawa zake za miezi sita akapona. Mjukuu wake, yule aliyekuwa akijaza, ni msichana anayependa hesabu na sayansi. Nimemwambia babu yake amtayarishe kwa Chuo cha Maji, na wazazi wenye mabinti kama huyo nawaambia vivyo hivyo.

Nasi hospitalini tumeweka kipimamvua uani. Kila siku saa 3 asubuhi muuguzi wa zamu hukisoma na kuandika. Siku tukizidiwa na wagonjwa tukasahau, tunaandika "hakikupimwa".