Treni na meli za SNCC: jina la abiria linaandikwa wapi?

Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kufika Kalemie bila kupanda ndege na bila kuzunguka kupitia Zambia ana njia ya reli: Likasi, Tenke, Kamina, Kabalo, Nyunzu, halafu ziwa. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Na kama safari yake inaendelea mpaka Moba, Uvira ao Kigoma, pale Kalemie anaacha treni na kuanza kutafuta chombo cha majini. Mwenye reli na mwenye bandari ni mmoja, Shirika la Taifa la Reli za Kongo, SNCC, lenye makao yake makuu hapa Lubumbashi. Kwenye karatasi, treni na meli ni watoto wa nyumba moja. Kwa abiria aliyekaa ndani yao ni safari mbili tofauti kabisa, isipokuwa kwa jambo moja, na jambo hilo limekwisha kugharimu maisha ya watu wengi.

Waliojenga njia hii hawakutenga reli na maji. Kampani ya CFL, iliyoanzishwa mwaka wa 1902, ilipewa kazi ya kuunganisha Kongo ya juu na maziwa makubwa, na ilifanya hivyo kwa kupokezana: treni pahali mto una maporomoko, meli pahali mto unapitika. Kutoka Kisangani mpaka Ubundu ilikuwa treni. Kutoka Ubundu mpaka Kindu, meli. Kutoka Kindu mpaka Kongolo, treni tena, kisha meli ilipanda Lualaba kupitia Kabalo mpaka Bukama. Toka Kabalo reli ya kilomita 273 ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka wa 1915. Huku kusini BCK ilikuwa nyumba nyingine, na reli yake ilishikana na ile ya CFL mwaka wa 1956 tu, njia ya Kamina–Kabalo ilipofunguliwa. Mwaka wa 1974 serikali ya Zaire ikaziweka zote ndani ya shirika moja. Kwa hiyo undugu wa treni na meli si maneno ya wanasiasa. Ni namna njia yenyewe ilivyofikiriwa tangu mwanzo.

Maisha ndani ya treni yanajulikana kwa kila familia yenye ndugu Kamina ao Kabalo. Mwenye tiketi ya daraja la juu anapata kitanda na mlango unaofungwa. Wa daraja la chini anapata benchi kama alifika mapema, na kama alichelewa anapata nafasi juu ya mfuko wake wa unga. Chakula ni cha vituoni. Treni ikisimama tu, wamama wanakuja mbio na mihogo ya kuchemsha, ndizi, mahindi, kuku, bukari na sombe ndani ya sahani za plastiki, na biashara yote inafanyika dirishani, pesa zikipanda na sahani zikishuka. Kuna wasafiri wanaonunua makala kituo hiki ili kuyauza kituo kingine, na mwisho wa safari wagoni ina mizigo kuliko ilivyoanza. Treni ya abiria katika Katanga ni soko linalotembea, na kusema kweli hiyo ndiyo sehemu yake nzuri. Vijiji vingi vya kando ya reli havina barabara inayopitika wakati wa mvua. Treni isipopita, mahindi yanaoza na chumvi inapanda bei.

Ubaya wake ni muda. Ratiba inasema siku fulani, injini inasema siku nyingine. Reli za zamani, mbao zilizooza chini ya vyuma, madaraja yanayopitwa pole pole, injini moja inayosubiriwa na treni mbili: abiria anajifunza kupika kando ya njia, kufua nguo, hata kuzaa ndani ya wagoni. Lakini ana kitu kimoja ambacho abiria wa ziwani hana. Treni ikiharibika, anashuka. Ardhi iko pale.

Ndani ya meli hakuna wamama wa dirishani. Abiria anakula alichobeba, mkate, ndagala wa kukauka, na maji ya chupa ambayo yanakwisha mapema. Usiku anaona mbele yake taa za wavuvi, nyingi kama mji. Nafasi ni sitaha, kati ya mifuko ya saruji na magunia ya samaki, na mwenye bahati anapata kona isiyopigwa na mawimbi. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaliamsha kwa ghafula. Meli za shirika zenyewe ni chache, ndiyo maana watu wengi wa Moba, Kalemie na Fizi wanapanda boti za watu binafsi, nyingine za mbao, ambazo zinangoja kujaa kabla ya kuondoka. Kwenye reli adui wa abiria ni kuchelewa. Ziwani adui ni uzito, na uzito hauonekani mpaka boti inapoanza kulala upande mmoja.

Ukilinganisha raha tu, treni inashinda, hata ikichelewa siku tatu. Inachosha, lakini haiogopeshi kwa namna ile. Mtu anaweza kukataa hukumu hiyo, hasa aliyepita usiku wa mvua ndani ya wagoni isiyo na vioo. Lakini raha si swali kubwa. Swali kubwa ni lile jambo moja ambalo treni na boti zimefanana: siku ya ajali, hakuna anayejua nani alikuwa ndani.

Mwaka wa 2014 unatosha kuonyesha. Tarehe 22 mwezi wa nne, treni ilianguka Katongola, karibu na Kamina. Makumi ya watu wakafa, na hesabu iliyotangazwa ikabadilika siku kwa siku. Tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule, boti M/V Mutambala ikazama katika Tanganyika. Hesabu ya kwanza ilikuwa ndogo, kisha miili ikaendelea kuonekana, mpaka ikafika watu 129. Ajali mbili, jimbo moja la Katanga kama lilivyokuwa kabla ya kugawanywa, moja kwenye reli na nyingine majini, na familia zikafanya kazi ileile: kutembea kutoka hospitali mpaka chumba cha maiti na picha mkononi.

Haikuishia pale. Mwezi wa tisa 2019, Mayibaridi, jimbo la Tanganyika, treni iliacha njia, na hesabu za vifo zilizotolewa na wakubwa zikapingana. Mwezi wa tatu 2022, Buyofwe, karibu na Lubudi katika Lualaba, treni ya mizigo ilitumbukia bondeni. Vifo vilitangazwa kuwa 60, kisha 75. Maelezo ya wakubwa yalikuwa kwamba ilikuwa treni ya mizigo na waliokuwa juu yake walipanda kwa kificho. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayotia hasira. Mtu aliyepanda kwa kificho anaonwa na kila mtu aliyesimama kituoni. Mamia ya watu na vitunga vyao hawajifichi juu ya wagoni. Neno hilo lina kazi moja, ni kusema kwamba hawakuwa abiria, na kwa hiyo hakuna tiketi, hakuna bima, hakuna jina. Mjane anayetaka kudai kitu anaulizwa kwanza athibitishe kwamba mume wake alikuwepo.

Watakaosema kwamba hiyo ni shida ya Kongo peke yake watazame ng'ambo ya ziwa. Tanzania nayo iliwahi kuweka treni na meli za maziwa chini ya nyumba moja, Shirika la Reli la TRC, mpaka meli zilipopewa kampani yao wenyewe mwaka wa 1999. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 21 mwezi wa tano 1996, MV Bukoba ya TRC ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Tofauti ya bei ya tiketi haikuwa kitanda na godoro tu. Ilikuwa pia kama jina lako linaandikwa ao haliandikwi. Na mwaka wa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kwa hiyo jirani si malaika. Lakini amejifunza kitu upande wa reli: treni mpya ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma, iliyoanza mwaka wa 2024, inauza tiketi yenye jina la abiria na namba ya kiti chake. Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Dar es Salaam wameiona kwa macho yao. Reli ile ni ya mabilioni, ndiyo, na mtu hawezi kuilinganisha na ya Kabalo. Ila kile kipande cha karatasi chenye jina hakihitaji umeme wala vyuma vipya.

Shirika lina utetezi, na lazima usikiwe. Vita vya miaka ya 1996 mpaka 2003 vilikata njia ya kaskazini. Wafanyakazi wake wamepita miaka mingi na mishahara isiyolipwa, na ni vigumu kumwambia shefu wa kituo asiyelipwa asimame mbele ya umati na kuushusha kutoka kwenye paa la wagoni. Umati huo unapanda kwa sababu treni ya abiria haikuja, ao haitakuja wiki hii. Kuwafukuza bila kuwapa njia nyingine ni kuwaambia watembee kilomita mia mbili na mtoto mgongoni. Mgonjwa wa Luena hana ndege.

Na hapa ndipo mazungumzo ya leo juu ya reli yanapotia wasiwasi. Kila mutu anasema Lobito. Mwezi wa kumi na mbili 2024, Rais wa Marekani alikutana kule Lobito na marais wa Angola, Kongo na Zambia. Mkopo wa Marekani wa dola milioni 553 umetajwa kwa upande wa Angola, na huku Kolwezi watu wanahesabu tani za shaba na kobalti zitakazopita. Ni jambo jema njia ikitengenezwa. Ila kila tani ya shaba inayotoka Kolwezi ina karatasi yake: uzito, mwenye mali, pahali inapokwenda, bima. Hakuna gunia linalopotea bila mtu kuulizwa. Binadamu aliyekaa juu ya mzigo huo hana hata mstari mmoja.

Kuna mambo mawili yanayoweza kufanywa kabla ya kilomita hata moja ya reli kubadilishwa.

La kwanza ni wagoni ya watu nyuma ya treni ya mizigo. Treni mchanganyiko si ubunifu mpya, wazee wa reli wanazijua. Kama shirika linakubali kwamba watu watapanda, na miaka yote hii imeonyesha kwamba watapanda, basi heri wapande ndani ya wagoni yenye kuta, kwa bei ndogo, na tiketi mkononi. Mapato yatakuwa madogo, lakini leo ni sifuri.

La pili ni orodha, kwenye reli na kwenye bandari vilevile, na ianze na daraja la chini kabisa: jina, pahali anaposhuka, namba ya simu ya ndugu mmoja. Watu wa kazi watapinga kwamba treni si ndege, abiria wanashuka na kupanda njiani, na orodha iliyoandikwa Lubumbashi imekwisha kuwa uongo ikifika Kamina. Ni kweli. Kwa hiyo iandikwe upya Tenke, Kamina, Kabalo na Nyunzu, kila kituo ukurasa wake, na ukurasa huo upigwe picha kwa simu na kutumwa makao makuu kabla injini haijapiga honi. Kalemie ifanye hivyo kwa kila chombo, cha shirika ao cha mtu binafsi, na kamishna wa bandari asitie sahihi ya kuondoka kama idadi ya majina inapita idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha boti. Pale ambapo mtandao haufiki, kituo kinachofuata kitatuma kurasa mbili. Daftari linapatikana sokoni Kenya kwa bei ya mikate michache, na kwa treni inayoondoka juma hili moja linatosha.