Nimemsamehe, Lakini Mlango ni Wangu

Jumamosi ya Aprili 16, 2016, uwanja wa Afraha hapa Nakuru uligeuzwa madhabahu. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waikatize kesi ya Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, na mtangazaji wa redio Joshua Sang, iliyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ilikuwa imeondolewa Desemba 2014. Yakaitishwa maombi ya shukrani. Sina ugomvi na mtu kumshukuru Mungu kwa kutoka mahakamani, na wala sisemi yuko aliyepatikana na hatia; kesi hazikufika huko. Ugomvi wangu ni na fundisho tunalolishwa kila Jumapili tangu ghasia hizo zilipotulia 2008, kwamba Mkristo wa kweli husamehe na kusahau, na kwamba anayeuliza yaliyotendeka ana roho ya uchungu inayohitaji kuombewa. Yaliyopita si ndwele, tunaambiwa, utadhani methali hiyo ni aya ya Biblia.

Nina rafiki upande wa Molo, mtu wa makamo. Januari 2008 alitoroka na watoto na godoro moja. Akalala hemani miezi kadhaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, naye akapewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Alipofika kwake alikuta kuta na majivu. Mwaka uliofuata, akitoka ibadani, akauona mlango wake. Ni mlango wa chuma wa kijani, umebonyea chini karibu na bawaba, pale mwanawe alipoupiga jembe akiwa mtoto wa miaka saba. Ulikuwa umefungwa kwenye nyumba ya mtu wanayekaa naye benchi moja kanisani. Akampelekea mchungaji habari hizo. Mchungaji akamshika bega: “Mzee wangu, achilia.” Naye akajibu, “Mchungaji, nimemsamehe. Lakini mlango ni wangu.”

Mchungaji yule alidhani anatetea imani ya kale. Kumbe aliyesimama na imani ya kale ni mwenye mlango.

Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimwandikia barua afisa wa dola aliyeitwa Macedonius kuhusu jambo hilihili. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwenye uwezo wa kurudisha mali ya watu asiirudishe hajatubu, anajifanya tu. Thomas wa Akwino, karne nane baadaye, akaliweka suala la kurejesha ndani ya haki yenyewe: kurudisha ni deni, wala si hisani ya mwenye moyo mzuri. Lakini aliyelipeleka fundisho hilo hadi uani kwa mkosaji ni Bartolomé de las Casas, askofu wa Chiapas kule Mexico. Mwaka 1552 alichapisha Seville kanuni za kuwaongoza mapadre wanaoungamisha. Mhispania aliyetajirika kwa kuwapora wenyeji wa Amerika, akija kuungama, hata akiwa mahututi, padre asimwondolee dhambi kwanza. Aitwe mwandishi wa hati, mali yote iorodheshwe, mtu atie sahihi kwamba itarudi kwa wenyewe au warithi wao. Hati kwanza, baraka baadaye. Wenye mashamba walimchukia hadi kaburini, na si ajabu.

Hebu waza kanuni hiyo ikitumika Kuresoi, au Njoro, au Naivasha. Waza padre akiuliza: ng'ombe wako wangapi, na wawili wale wenye alama ya mwenzako sikioni walifikaje zizini mwako?

Nataja Naivasha kwa makusudi, msije mkadhani nanyoosha kidole upande mmoja wa Bonde la Ufa. Kabati, Januari 27, 2008, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba, na waliofanya hivyo walikuwa wakijiambia wanalipiza kisasi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133 nchi nzima. Kila jamii hapa ina wafu wake, na kila jamii ina milango ya watu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Yesu aliagiza kusamehe saba mara sabini. Ni kweli, Mathayo 18. Ila sura hiyo haianzii hapo. Kabla Petro hajauliza swali lake, Yesu ameshaeleza utaratibu: mwendee aliyekukosea umwonyeshe kosa lake, akikataa nenda na mashahidi, akikataa tena liambie kanisa. Wahubiri wetu huruka aya hizo kama mtu anavyoruka dimbwi barabarani. Nitaambiwa pia kwamba Mungu mwenyewe, katika Yeremia, aliahidi kutozikumbuka dhambi. Hiyo ni ahadi ya Mungu kuhusu nafsi yake. Hakumwagiza aliyeibiwa asahau kilichoibwa. Na Zakayo hakuambiwa na mtu arudishe mara nne; alijua mwenyewe kwamba Yesu hawezi kuingia nyumba ile na mali za watu zikabaki kabatini.

Halafu kuna sadaka. Mathayo 5 inamtaka anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale madhabahuni, aende wapatane kwanza. Angalia anayetumwa kwenda: ni aliyekosea. Sisi tumepindua; tunamtuma aliyefukuzwa shambani akaombe amani, na sadaka tunaipokea kwa vigelegele na maikrofoni. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza fedha alizochanga Rais Ruto kanisani zirudishwe, watu walishangaa kana kwamba kazua dini mpya. Mwaka 390, wanajeshi wa Kaisari Theodosio walipowachinja watu wa Thesalonike, Askofu Ambrosi wa Milano alimwandikia kwamba hatatoa Ekaristi yeye akiwapo. Kaisari akavua mavazi ya enzi, akatubu hadharani kama muumini mwingine yeyote. Hakutafutiwa uwanja.

Wala hatuhitaji kwenda Milano. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, ulijulikana kwa jambo hilo hilo. Mtu akiokoka, alirudisha. Wapo waliowabishia hodi Wazungu wenye mashamba wakiwa na nyundo, sahani, au shilingi walizochukua zamani, na wenye mali wakabaki kuduwaa. (Wapo waliowacheka pia, wakisema walowezi ndio wangeanza kurudisha, tena ekari. Hoja yao haijajibiwa hadi leo.) Wajukuu wa waongofu hao sasa ndio wanaotuambia tuachilie.

Kanisa la hapa halikuwa hivi siku zote. Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Kikatoliki wa Nakuru hadi 1996, aliisema serikali ya Moi waziwazi wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992, watu wakiwa bado wanakimbia. Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikaa na waliofurushwa kambini Maela hadi polisi walipowapakia kwenye malori siku za Krismasi ya 1994. Mwaka 1999 alifika mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, akataja majina ya wakubwa. Sijasikia mtu akisema Kaiser aliwachukia wakosaji. Alichokataa ni kuwasaidia kujificha.

Ripoti ya Akiwumi ilikaa kabatini hadi 2002. Ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 21, 2013, na Bunge limeikalia. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Rafiki yangu wa Molo bado anaingilia mlango wa mbao.

Mwili wa Kaiser ulikutwa Agosti 24, 2000, Morendat, kando ya barabara ya Naivasha kuja Nakuru. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya iliyochunguza kifo hicho ikaamua aliuawa. Hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyejitokeza. Kwa hiyo watu wa Maela wakiambiwa tena Jumapili ijayo kwamba wasamehe, wana haki ya kuinua mkono katikati ya mahubiri na kuuliza: nani?