Sanduku la fundi ni mirathi, si chuma chakavu



Ndugu Waislamu, anapofariki mtu miongoni mwetu, warithi hawasahau nyumba, shamba la mikarafuu wala ng'ombe. Kinachosahaulika ni sanduku la zana alilokuwa akilitumia kutafutia riziki. Hukaa bandani mpaka apite mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, na hapo tezo, randa na misumeno hupimwa kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Au kijana aliyejifunza kazi kwa baba yake hulibeba sanduku zima, na hakuna anayeuliza, kwa hoja kwamba binti harandi mbao. Njia zote mbili zinapoteza haki za watu.

Allah (S.W.) amebainisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, kuwa wanaume na wanawake wote wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa wa karibu, hata kikiwa kidogo. Kwa hiyo patasi ya marehemu imo katika tarika kama lilivyomo shamba lake. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi. Lakini hakigawiki kwa haki kitu ambacho thamani yake haijajulikana.

Hapa Micheweni, na katika vijiji vya jirani kama Tumbe na Wingwi, tuna familia nyingi za mafundi wa vyombo vya bahari na maseremala. Basi jambo la kwanza ni kuorodhesha. Mwiteni fundi mzee asiyekuwa mrithi, ataje kila zana kwa jina lake. Keekee, kwa mfano, si kijiti na kamba. Ina chuma cha kutobolea, msukano kinamoshikizwa, jivu la kushikia kwa mkono na uta wa kuizungushia. Kikitupwa kimoja, vilivyobaki havifanyi kazi. Ulizeni pia zana zipi ziliazimwa kwa majirani na zipi marehemu aliazimwa na wengine. Za watu zirejeshwe kwa wenyewe, kwani si mirathi. Za marehemu zikusanywe.

Jambo la pili ni kutambua asili. Msianze kwa msasa wala jiwe la kunolea, maana alama nyingi zimegongwa juu juu na zikisuguliwa hazirudi. Pakeni mafuta ya taa, acheni kutu ilainike, kisha futeni kwa kitambaa na brashi laini. Hapo maandishi yatasomeka, nayo hueleza mengi. Patasi au tezo yenye maneno CAST STEEL kwa kawaida ni ya karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Ni feleji iliyoyeyushwa katika vyungu, njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman mjini Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740, nayo hushika makali vizuri. Marples na Record ni majina ya Sheffield pia. Misumeno ya Disston ilitoka Philadelphia, Marekani. Kifaa kilichoandikwa West Germany ni cha kati ya mwaka 1949 na 1990. Jembe lenye picha ya mamba ni la Chillington ya Uingereza, na lenye herufi UFI lilitoka kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam.

Randa za chuma za Stanley zinahitaji uangalifu zaidi. Kampuni hiyo ya Marekani ilinunua haki za randa za Leonard Bailey mwaka 1869, na kila randa ikapewa nambari. Nambari 4 ilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo uzee wake peke yake hauipandishi bei. Nambari 1, iliyo ndogo kuliko zote, ni adimu na hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Ukongwe, basi, si thamani. Tazameni uadimu, ukamilifu na uzima wa kifaa. Randa iliyopasuka mdomo, au msumeno ulionolewa mpaka ukawa mwembamba, hushuka bei hata ukiwa na jina kubwa.

Tezo isiyo na maandishi msiidharau. Huenda imefuliwa na mhunzi wetu, na fundi wa majahazi akaithamini kuliko ya dukani.

Jambo la tatu ni bei. Kila zana ina bei ya mizani, bei ya fundi atakayeifanyia kazi, na bei ya mkusanyaji wa mbali. Bei ya mizani ni dhulma kwa chombo kizima, na bei ya mkusanyaji ni ndoto ikiwa mnunuzi huyo hayupo. Bei ya uadilifu ni ile ambayo fundi wa leo angeilipa kwa hiari. Waulizeni mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na muandike majibu.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wazazi wake wakiwa wametangulia. Mafungu ni 32: mjane 4, mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Zana zikithaminiwa shilingi 320,000, mjane anapata 40,000, mtoto wa kiume 140,000 na kila binti 70,000. Zikienda kwenye mizani kwa 32,000, binti huambulia 7,000. Ikiwa kijana ni fundi na anazihitaji, ni vyema azichukue, kwani zana hudumu kwa kutumika. Lakini awalipe wenzake 180,000, au zikatwe katika fungu lake la mali nyingine. Mtu mzima anaweza kusamehe haki yake kwa ridhaa; haki ya yatima mdogo haisamehewi na mama, ami wala kamati ya msikiti. Pakiwa na mzozo, Kadhi yupo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Kazi hiyo ni ya heshima, na vyombo vyake vina heshima. Enyi mafundi mlio hai, andikeni leo orodha ya zana zenu na walioziazima, muwaachie watoto wenu njia iliyo wazi.